Mwanao Amepunguzwa Kazini: Je, Kosa Ni Lake?

Asubuhi moja huko Kamachumu, wilayani Muleba, mama mmoja alikuwa akimenya ndizi jikoni simu yake ilipolia. Alikuwa kijana wake wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa kutunga programu za kompyuta katika kampuni moja mjini Nairobi. Kwa muda wa miaka mitatu kijana huyo alikuwa nguzo ya nyumba ile. Bati la nyumba mpya lilitoka kwake. Karo ya mdogo wake wa kike ilitoka kwake. Hata dawa za baba yake za shinikizo la damu zilitoka kwake. Siku hiyo alisema maneno machache tu: "Mama, nimepunguzwa kazini. Usimwambie baba kwanza."

Mama huyo, ambaye jina lake tunalihifadhi, alituambia kwamba alikaa chini kwenye kigoda, kisu kikiwa bado mkononi. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la huruma. Lilikuwa swali: Amefanya nini?

Kabla ya juma kwisha, habari zilikuwa zimefika kisimani na gulioni. Mmoja alisema kijana ameanza kulewa. Mwingine alisema lazima kuna fedha zimepotea. Shangazi yake naye alikuwa na hakika kwamba ni kijicho cha watu waliochukizwa na lile bati. "Waitu," mama huyo alituuliza, "mtu anayefanya kazi yake vizuri anaachishwaje? Kuna nini ambacho hawatuambii?"

Mpenzi msomaji, swali hilo siku hizi linaulizwa katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, kwa kuwa tuna watoto na waume wanaofanya kazi za kompyuta na simu katika miji ya Dar es Salaam, Mwanza, Kampala, Nairobi na hata ng'ambo. Ni swali linaloweza kuvunja nyumba likijibiwa vibaya. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tulichunguze kwa utulivu.

Si Mmoja, Ni Maelfu

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: kijana huyo hakuwa peke yake. Mnamo Novemba 2022, kampuni ya Meta ya Marekani, yenye Facebook na WhatsApp, iliwaachisha kazi watu wapatao 11,000. Miezi minne baadaye ikatangaza kupunguza wengine 10,000. Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu wapatao 12,000, Microsoft 10,000 na Amazon zaidi ya 18,000. Wengi wao walijua habari hiyo kwa barua iliyoletwa na kompyuta. Wengine walijaribu kufungua kazi yao asubuhi wakakuta mlango umefungwa, yaani namba yao ya siri haifanyi kazi tena.

Je, inawezekana kwamba watu hao wote walikuwa wavivu, tena katika miezi ileile? Je, wote walirogwa? Mvua inaponyesha juu ya nyumba zote za kijiji, hatusemi kwamba mwenye nyumba fulani ameiita. Tunatazama mawingu yametoka wapi.

Somo Kutoka Shamba la Vanila

Sisi wa Kagera tuna mfano wetu wenyewe wa jambo hili. Tuukumbuke mtambaazi wa vanila. Mwaka 2018 bei ya vanila katika soko la dunia ilipita dola 500 kwa kilo moja. Nani hakuitamani? Watu waliipanda vibanjani, chini ya migomba na mibuni. Ua la vanila hufunguka mara moja tu, asubuhi, na katika nchi zetu lazima lichavushwe kwa mkono, moja baada ya jingine. Kwa hiyo mwenye shamba kubwa aliwahitaji vijana wa kuchavusha, na wengine wa kulinda usiku dhidi ya wezi.

Kisha bei ikaanguka sana miaka iliyofuata. Wale wenye umri mkubwa hawakushangaa, kwa sababu waliwahi kuona jambo hilohilo miaka ya 2004 na 2005. Mwenye shamba akawaita vijana wake akawaambia, "Wanangu, sina tena cha kuwalipa."

Je, vijana wale walikuwa wameacha kujua kuchavusha? Hapana. Mikono yao ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hesabu ya mwenye shamba, na hesabu hiyo ilifanywa mbali sana na Muleba, kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Hata waliopandisha bei hawakuwa jirani zetu: kisiwa cha Madagaska, ambacho ndicho kinachotoa vanila nyingi duniani, kilikuwa kimepigwa na kimbunga mwaka 2017.

Shikilia mfano huo, mama, maana kilichotokea katika kampuni za kompyuta kinafanana nao. Tofauti ni kwamba kilichopanda na kushuka huko ni bei ya fedha yenyewe.

Fedha Ilipokuwa Rahisi

Fedha nayo ina bei? Ndiyo, na bei yake huitwa riba. Ukikopa katika kikundi chenu cha akina mama, unarudisha na ziada kidogo. Ziada hiyo ndiyo bei ya kuitumia fedha ya wenzako.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba hadi karibu na sifuri ili biashara zisife. Tajiri aliyeweka mamilioni yake mahali salama hakupata faida yoyote ya maana. Akaanza kutafuta mahali pengine pa kuyapeleka. Wakati huohuo watu duniani kote walikuwa wamefungiwa majumbani, wakifanya kazi, wakinunua na hata kusali kwa njia ya kompyuta na simu. Kampuni za teknolojia zilionekana kama vanila ya dola 500, na fedha zikamiminika huko.

Kampuni hizo nazo zikaajiri kwa pupa. Mwishoni mwa mwaka 2019 Meta ilikuwa na wafanyakazi wapatao 45,000. Kufikia Septemba 2022 ilikuwa na zaidi ya 87,000. Ni karibu mara mbili kwa muda usiofika miaka mitatu! Baadaye mkuu wake, Mark Zuckerberg, alikiri kwamba alidhani ongezeko la biashara lililoletwa na Korona lingedumu, na kwamba alikosea. Mkuu wa Google, Sundar Pichai, naye alieleza kwamba waliajiri kwa kutazama hali ya uchumi iliyokuwa tofauti na ile iliyokuja.

Twaomba uliangalie jambo hilo kwa makini. Aliyekosea hesabu ni mkuu. Aliyepoteza mshahara ni mfanyakazi.

Maandazi ya Bei ya Hasara

Lakini kwa nini kampuni iajiri watu wengi kabla ya kupata faida? Tuchukue mfano mwingine wa jikoni. Mama mmoja wa Kashai anauza maandazi. Kila andazi linamgharimu shilingi 150. Anakuja tajiri anamwambia, "Uza kwa shilingi 100. Hasara nitailipa mimi. Ninachotaka ni kuona foleni ndefu mbele ya meza yako." Foleni inakuwa ndefu kweli. Mama anaajiri wasichana watano, ananunua karai jipya, anafungua meza ya pili Rwamishenye. Kila mpita njia anasema, "Biashara ya mama huyu imestawi!" Kumbe anayestawisha ni mfuko wa tajiri. Tajiri anatumaini kwamba siku moja wauzaji wengine wote wataondoka, na hapo bei itapandishwa.

Siku tajiri anaposema "Sasa nataka kuona faida," wasichana watano wanakwenda nyumbani, hata kama maandazi yao yalikuwa matamu kuliko yote ya mjini.

Siku hiyo ilifika mwaka 2022. Bei za vitu zilikuwa zimepanda sana Marekani, na Benki Kuu ya huko ikaanza kupandisha riba ili kuzizuia. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 riba ilitoka karibu na sifuri ikapita asilimia 5. Sasa tajiri aliweza kupata faida nzuri bila kuhatarisha chochote. Akaurudisha mkono wake mfukoni.

Jinsi Upepo Ulivyofika Kwetu

Huenda ukauliza: riba ya Marekani inanihusu nini mimi ninayelima maharage Nshamba? Inakuhusu kwa sababu kampuni nyingi changa za teknolojia Afrika Mashariki ziliendeshwa kwa mitaji ya matajiri haohao wa ng'ambo.

Twiga Foods ya Kenya ilianzishwa mwaka 2014 kwa biashara tunayoifahamu vizuri: kupeleka ndizi kutoka kwa wakulima hadi kwa wenye magenge mjini, maagizo yakifanywa kwa simu. Novemba 2021 ilitangaza kupata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji. Agosti 2023, chini ya miaka miwili baadaye, iliwapunguza wafanyakazi 283. Je, watu wa Nairobi walikuwa wameacha kula ndizi?

Copia ilianza Kenya mwaka 2013, ikiwapelekea bidhaa watu wa vijijini kupitia wenye maduka madogo. Januari 2022 nayo ilipata dola milioni 50. Mei 2024 ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa madeni baada ya kukosa fedha mpya, na wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakapewa taarifa kwamba kazi zao zingeweza kwisha.

Hapa Tanzania tulionja mapema kidogo. Aprili 2019 kampuni ya Jumia, iliyouza bidhaa kwa njia ya intaneti, ilianza kuuza hisa zake katika soko la New York. Tangu hapo wenye hisa walitaka kuona hasara ikipungua. Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Hapo hapakuwa na Korona wala riba kubwa. Palikuwa na hesabu tu, iliyofanywa na watu walio mbali, ya nchi ipi ibaki na ipi iachwe.

Kazi Inayoning'inia Kwenye Mkataba wa Mwingine

Kuna sababu nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Vijana wetu wengi hawaajiriwi na kampuni ile kubwa inayotajwa. Wanaajiriwa na kampuni ya kati, ambayo imepewa kazi kwa mkataba. Mkataba ukikatika, na ajira inakatika.

Nairobi ilikuwako kampuni iitwayo Sama iliyofanya kazi ya kuchuja picha na maneno mabaya yanayowekwa katika Facebook. Iliajiri vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika, ambao kutwa nzima walitazama mambo ya kutisha ili sisi tusiyaone. Januari 2023 Sama ilitangaza kuacha kazi hiyo, na wachujaji wapatao 260 wakaambiwa kazi yao imekwisha. Zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani. Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema inaweza.

Tena kuna Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014, ikafundisha vijana kutunga programu na kuwakodisha kwa kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 iliwapunguza vijana wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja walitaka watu wenye uzoefu mkubwa, na si wanaoanza. Vijana wale walikuwa wamefaulu kila mtihani waliopewa. Kosa lao lilikuwa kuwa wengi kuliko wanunuzi.

"Ni Kompyuta Imechukua Kazi Yake"

Siku hizi utasikia maelezo mapya: akili mnemba, yaani programu inayoweza kuandika na kujibu maswali kama mtu, ndiyo inayowaondoa watu kazini. Je, ni kweli?

Kwa sehemu, ndiyo. Kuna kazi za kuandika na za kuwajibu wateja ambazo sasa zinafanywa na watu wachache kwa msaada wa programu hizo. Lakini tazama tarehe. Meta iliwaachisha watu 11,000 tarehe 9 Novemba 2022. ChatGPT, programu iliyoifanya dunia nzima izungumzie jambo hili, ilitolewa tarehe 30 Novemba mwaka huohuo. Mtu hawezi kulaumu mvua ya jioni kwa nguo zilizolowa asubuhi.

Kinachoonekana zaidi ni kwamba fedha zinahamishwa. Januari 2023, mwezi uleule Microsoft ilipotangaza kupunguza watu 10,000, ilitangaza pia kuwekeza mabilioni ya dola katika OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Mshahara wa mtu unaweza kupunguzwa ili kununua mashine, hata kabla mashine hiyo haijaweza kufanya kazi ya mtu huyo.

Wala tusidhani kwamba kampuni hizo kubwa zilikuwa na njaa. Mwaka 2022 kampuni yenye Google ilipata faida ya karibu dola bilioni 60. Mwanzoni mwa Februari 2023 Meta, iliyokuwa imekwisha kuwaachisha watu 11,000, ilitangaza kutenga dola bilioni 40 za kununua hisa zake yenyewe, jambo linalowanufaisha wenye hisa. Kesho yake bei ya hisa zake ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Wakubwa wa kampuni nyingine waliona. Mmoja akipunguza watu na kusifiwa sokoni, wa pili hana aibu kufanya hivyo, na wa tatu huogopa kubaki nyuma.

Basi, ukikusanya yote, sababu halisi ni hizi: kuajiri kwa pupa fedha ilipokuwa rahisi, riba kupanda, mikataba kukatika, wenye hisa kutaka faida kubwa zaidi, na fedha kuhamishiwa mashine. Katika orodha hiyo, uvivu wa mwanao haumo. Ni kweli kwamba wako wanaofukuzwa kwa wizi, ulevi au utoro. Lakini hao hupewa barua inayotaja kosa. Aliyepunguzwa hupewa barua inayosema nafasi yake imeondolewa. Kufukuzwa na kupunguzwa ni mambo mawili, na mama mwenye busara huyatofautisha kabla ya kufungua kinywa.

Maneno ya Kwanza Nyumbani

Tulizungumza na mke mmoja wa Bukoba mjini, ambaye mumewe alipunguzwa katika kampuni ya mambo ya simu. Kwa majuma matatu mume huyo alivaa shati lake na kuondoka asubuhi kana kwamba anakwenda kazini. Alikuwa akikaa ufukoni mpaka jioni. "Nilipogundua, nilipiga kelele," dada huyo alituambia. "Nilimwita mwongo. Baadaye niliona kwamba aliogopa uso wangu kuliko alivyoogopa njaa."

Dada mpenzi, hebu tujiulize kwa unyofu: uso wetu unasemaje mume au mtoto anapoleta habari mbaya? Mwanamume aliyezoea kutoa, akikosa cha kutoa, hujiona si mtu. Akisikia swali la "Umefanya nini?" kutoka kwa mama au mke, huamini kwamba kweli yeye ndiye mwenye kosa. Baadhi hukimbilia pombe. Baadhi hukata simu na kupotelea mijini kwa kuona haya kurudi. Kujikwaa ulimi hapo ni kubaya kuliko kujikwaa dole.

Maneno ya kwanza yawe mepesi: "Pole, baba. Umekula? Tutaliangalia pamoja." Kisha usikilize. Watoto waelezwe ukweli kwa kipimo cha umri wao, maana wataona tu kwamba nyama imepungua mezani. Na majirani wakiuliza, jibu fupi latosha: "Kampuni imepunguza watu." Si siri ya aibu, kwa hiyo haihitaji uongo. Kuomba pamoja kama familia ni vema sana, lakini tusifanye sala kuwa mahali pa kumsema mtu kwa mafumbo.

Tena jihadhari na wanaokuja na habari za kurogwa. Mganga atachukua mbuzi, na pamoja na mbuzi atachukua amani yako na shemeji yako. Riba ya Marekani haikupandishwa na jirani yako wa Kamachumu.

Karatasi Kabla ya Machozi

Jambo jingine ambalo mke au mama anaweza kusaidia ni karatasi. Mtu aliyechanganyikiwa husaini chochote. Mwambie asome kwanza.

Kama aliajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu zake, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Anastahili pia malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Akiona hakutendewa haki, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asichelewe: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Mwanachama wa NSSF aulize pia kuhusu fao la kukosa ajira lililowekwa na mageuzi ya mwaka 2018.

Kama aliajiriwa Kenya, sheria ya huko ya mwaka 2007 inataka taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kupunguzwa, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Tazama tofauti: siku 7 na siku 15. Ndiyo maana ni lazima kuusoma mkataba na kujua ni wa nchi gani.

Fedha hizo zikifika, zisiliwe kama za arusi. Kaeni chini mpange: chakula, karo, kodi ya nyumba, dawa. Vitu vingine vingoje. Usikimbilie mikopo ile inayoitwa kausha damu. Jina lake linaeleza kazi yake. Na kibanja kisiuzwe. Kijana wa mjini asiye na kazi bado anaweza kula ndizi za nyumbani mwaka mzima, lakini kibanja kikiisha kuuzwa, hakuna barua ya maombi inayokirudisha.

Miaka ya Shibe

Sote tunaijua habari ya Yusufu huko Misri, aliyeweka sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, na nchi nzima ikaishi miaka ya njaa ilipokuja. Hatufikirii sana kwamba kazi ngumu ya Yusufu haikuwa wakati wa njaa. Ilikuwa wakati wa shibe, kila mtu alipodhani mavuno hayatakwisha.

Hapa sisi akina mama tunapaswa kujitazama. Mtoto anapopata kazi ya mshahara mnono, ni nani anayemwandikia orodha? Bati, ng'ombe, sherehe ya ubatizo, harambee, ada ya binamu. Wengi wa vijana hao walipopunguzwa hawakuwa na hata akiba ya miezi miwili, na si kwa sababu ya anasa. Walikuwa wanatusaidia. Basi mama mwenye upendo, mwanawe anapotuma fedha, na amuulize pia: "Na wewe umebakiza kiasi gani?" Swali hilo dogo linaweza kuwa ghala la Misri.

Je, Binti Asome Kompyuta?

Mama wa Kamachumu alitueleza kwamba baada ya mkasa huo alitaka kumzuia binti yake, yule mdogo, asichukue masomo ya kompyuta. "Nilisema heri awe mwalimu." Aliyemzuia alikuwa yuleyule kijana aliyepunguzwa. Alimwambia mama yake kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ujuzi alioupata hakuuacha Nairobi. Alirudi nao kichwani.

Tunakubaliana naye. Kazi za mezani za serikali nazo zilionekana za milele, mpaka maelfu walipopunguzwa katika miaka ya 1990. Bei ya kahawa nayo ilianguka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, na wazazi wetu hawakung'oa mibuni yote. Hakuna shamba lisilo na msimu mbaya. Kilicho muhimu ni kumfundisha mtoto ujuzi, akiba, na kutoupima utu wake kwa barua ya mwajiri.

Tulipoaga, kijana huyo alikuwa uani, ameketi chini ya mwembe na kompyuta yake mapajani, akitengeneza hesabu za stoo kwa mwenye duka mmoja wa Muleba mjini. Malipo yake ni madogo, wala hayafanani na ya zamani, na bado anatuma maombi ya kazi kila juma. Baba yake aliambiwa siku ya tatu, na hakukasirika kama walivyoogopa. Mama alitusindikiza hadi njia panda akiwa na mkungu mdogo wa ndizi wa kutupa njiani.

"Ile siku ya simu," alisema, "sikumpa pole. Nilimpa pole baada ya siku nne. Hizo siku nne ndizo ninazozijutia."

Mama msomaji, simu kama hiyo ikilia kwako, usingoje siku nne.